Kadi ya benki kati ya Ufaransa na Ujerumani: Mwizi akijua namba ya siri, hasara ni ya nani?

Teknolojia ya chipu iliyokomaa nchini Ufaransa imefanya malipo ya kadi madukani kuwa salama mno. Hata hivyo, historia yake katika pande zote mbili za mto Rhine inaonesha kwamba kadi madhubuti yaweza kumwacha mwenye kadi akiwa mnyonge mbele ya benki yake.

Tangu mwezi Aprili mwaka 2017, tramu ya mji wa Strasbourg huvuka mto Rhine na kuingia Kehl, mji mdogo wa upande wa Ujerumani. Kwa Wafaransa wengi wa eneo hilo, safari hiyo ya dakika chache ni safari ya manunuzi: sigara, sabuni na vipodozi hupatikana Kehl kwa bei nafuu kuliko kwao. Hakuna tena ukaguzi wa forodha wala fedha za kubadilisha. Mnunuzi husogeza kadi yake karibu na mashine ya malipo, mashine hulia mara moja, na shughuli imekwisha.

Kadi ni ileile, sarafu ni ileile, na sheria za msingi za malipo hutungwa Brussels kwa ajili ya nchi zote mbili. Lakini kwa miaka mingi swali moja lilijibiwa kwa namna tofauti kila ng'ambo ya mto: kadi ikiibwa, na mwizi akalipa au akachota fedha kwa namba ya siri iliyo sahihi, hasara ibebwe na nani? Kwa mtu anayeishi kwa mshahara wa mwezi, jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama kodi ya nyumba italipwa au la. Na jibu lenyewe lilitegemea sana kiasi cha imani ambayo mahakimu na wabunge waliiweka juu ya chipu, kile kipande cha rangi ya dhahabu kilichopachikwa kwenye uso wa kadi.

Pete iliyogeuka kadi

Wafaransa humtaja Roland Moreno, mvumbuzi aliyezaliwa Cairo mwaka 1945 na kufariki dunia mwaka 2012, kuwa baba wa kadi ya chipu. Moreno aliwasilisha ombi la hataza yake mwezi Machi mwaka 1974, na mfano wake wa kwanza haukuwa kadi hata kidogo, bali pete ya kuvaliwa kidoleni. Wajerumani nao hukumbusha kwamba Helmut Gröttrup na Jürgen Dethloff walikwisha kuandika wazo linalofanana na hilo mwishoni mwa miaka ya 1960. Gröttrup, kwa njia, alikuwa mhandisi wa makombora ya vita aliyechukuliwa na Wasovieti baada ya mwaka 1945 kuwafanyia kazi. Maisha yake yangetosha kuwa riwaya. Mjapani Kunitaka Arimura alikuwa na hataza yake mwaka 1970. Na Michel Ugon wa kampuni ya Bull ndiye aliyeipa kadi hiyo uwezo wa kukokotoa hesabu, mwaka 1977, badala ya kuhifadhi taarifa tu.

Ugomvi wa nani alitangulia hauna faida kubwa. La muhimu zaidi ni kwamba Ufaransa iliitumia teknolojia hiyo wakati wengine wakiitazama. Majaribio ya malipo madukani yalianza mwaka 1982 katika miji ya Blois, Caen na Lyon. Mwaka uliofuata ikaja kadi ya kupigia simu za barabarani. Mwaka 1984 benki za Ufaransa ziliunda umoja wao wa kadi, unaojulikana hadi leo kwa herufi mbili tu, CB, na kufikia mwisho wa mwaka 1992 kadi zote za umoja huo zilikuwa na chipu. Uingereza ililazimisha matumizi ya chipu na namba ya siri mwezi Februari mwaka 2006, na Marekani ilianza kuhama kwa dhati mwezi Oktoba mwaka 2015.

Sababu ya pengo hilo la zaidi ya miaka ishirini ilikuwa ya kawaida kabisa: bei ya simu. Nchini Marekani, mashine ya dukani iliweza kuipigia benki kwa gharama ndogo na kuuliza kama kadi ni halali kabla ya malipo kukubaliwa. Nchini Ufaransa, kupiga simu kwa kila mkate na kila chupa ya divai kungekuwa ghali mno. Ilihitajika kadi ambayo ingeweza kujithibitisha yenyewe mbele ya mashine, bila kuuliza popote. Uhaba ukazaa ustadi.

Kile ambacho chipu hufanya

Utepe wa sumaku, ule mstari mweusi nyuma ya kadi, ni kama barua isiyo na bahasha. Yeyote mwenye kifaa cha kuusoma hupata maandishi yake yote, na yeyote mwenye kifaa cha kuandika huweza kuyanakili kwenye kadi nyingine. Wezi walipachika vifaa hivyo juu ya mdomo wa mashine za kutolea fedha, wakaweka kamera ndogo ya kunasa vidole vinavyobonyeza namba, na kwa siku moja wakaondoka na kadi za watu mamia bila mtu hata mmoja kupoteza kadi yake.

Chipu hufanya kazi kwa njia nyingine. Ndani yake mna ufunguo wa siri ambao hautoki kamwe. Mashine ya dukani huipelekea chipu kiasi cha fedha, tarehe, na namba ya kubahatisha iliyobuniwa papo hapo. Chipu huchanganya hayo yote na ufunguo wake, kisha hutoa jibu moja. Benki, iliyo na uwezo wa kurudia hesabu hiyohiyo, huliangalia jibu na kujua kwamba limetoka katika kadi ile na si nyingine. Malipo yanayofuata huwa na namba nyingine na jibu jingine. Mwizi aliyenasa mazungumzo hayo huwa amebeba ufunguo wa mlango ambao kitasa chake kimekwisha kubadilishwa.

Mafanikio ya mfumo huo yalionekana kwa njia ya kushangaza: wizi ulihama nchi. Benki za Uholanzi, zilizosumbuliwa sana na unakili wa kadi, ziliachana na utepe katika malipo ya dukani mwaka 2012. Lakini kadi zilibaki na utepe kwa ajili ya wasafiri, na taarifa zilizonakiliwa Amsterdam zilitumika kuchota fedha katika mabara mengine, kwenye mashine zisizojua chipu. Benki za Uholanzi na Ubelgiji zikaamua kuzifunga kadi kwa matumizi ya nje ya Ulaya hadi mteja mwenyewe aombe zifunguliwe. Ni suluhisho lisilo na ustadi wowote wa kihandisi, na lilifanya kazi vizuri. Marekani, kwa upande wake, ilihitaji wizi wa taarifa za kadi zipatazo milioni 40 kutoka maduka ya Target mwishoni mwa mwaka 2013 ndipo iharakishe mabadiliko.

Tiketi za metro zilizobadili sheria

Imani ya Wafaransa juu ya kadi yao ilitikiswa na mtu mmoja. Serge Humpich, mhandisi aliyejifunza mambo ya kadi kwa udadisi wake, aligundua mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba saini ya kidijitali iliyotumiwa na kadi za CB ilikuwa imepitwa na wakati. Usalama wake ulitegemea namba moja ndefu yenye tarakimu 96, ambayo yeyote atakayeigawa katika vigawo vyake viwili angeweza kubuni saini za kadi zisizokuwapo. Namba hiyo ilipochaguliwa katika miaka ya 1980, hakuna kompyuta ya nyumbani iliyoweza kazi hiyo. Miaka kumi na kitu baadaye iliwezekana.

Humpich aliwaendea wenye mfumo kwa kupitia mawakili akitaka kuuza ujuzi wake. Alipotakiwa kuthibitisha madai yake, alinunua tiketi za metro ya Paris kwenye mashine za kujihudumia kwa kutumia kadi alizozitengeneza mwenyewe. Jibu alilopata ni kushtakiwa. Mwezi Februari mwaka 2000 mahakama ya Paris ilimhukumu kifungo cha miezi kumi kilichoahirishwa. Siku chache baadaye, vigawo vya ile namba vilisambazwa kwenye intaneti kwa kila mtu kuviona. Moreno mwenyewe alijitokeza kuutetea uvumbuzi wake, akiahidi faranga milioni moja kwa atakayeweza kuivunja chipu. Ahadi hiyo ilikosa shabaha kidogo: Humpich hakuwa ameivunja chipu, aliivunja hesabu iliyoizunguka.

Kesi hiyo ingeweza kuishia hapo, kama hadithi ya mjuzi aliyeadhibiwa kwa kusema ukweli kwa njia mbaya. Lakini ilizaa jambo kubwa zaidi. Kwa miaka mingi benki zilikuwa zimewaambia wateja kwamba kadi ya chipu haiwezi kughushiwa, na kwa hiyo malipo yenye namba ya siri sahihi lazima yametoka kwa mwenye kadi au kwa uzembe wake. Baada ya tiketi za metro, hoja hiyo haikuweza tena kusimama yenyewe. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 15 Novemba mwaka 2001 iliweka bayana kwamba mwenye kadi hawajibiki kwa malipo yaliyofanywa kwa kadi ya kughushi, wala kwa malipo ya mbali yaliyofanywa bila kadi yenyewe kutumika. Sheria hiyohiyo iliunda chombo cha kuchunguza usalama wa kadi, kilicho chini ya Benki Kuu ya Ufaransa, ambacho hutoa takwimu za ulaghai kila mwaka kwa umma. Hadi leo ni nchi chache zilizo na hesabu za wazi kiasi hicho.

Sigara za Ubelgiji

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionesha udhaifu wa aina nyingine, safari hii katika kanuni za kimataifa za kadi za chipu zilizotokana na makubaliano ya Europay, Mastercard na Visa. Katika malipo mengi, namba ya siri hukaguliwa na kadi yenyewe: mashine huuliza, "Je, namba hii ni sahihi?" na kadi hujibu ndiyo au hapana. Watafiti waliweka kifaa katikati ya kadi na mashine. Kifaa kiliiambia mashine kwamba namba ni sahihi, hata kama mtu ameandika sifuri nne, na wakati huohuo kikaifanya kadi iamini kwamba mteja ametia saini ya mkono. Pande zote mbili ziliridhika. Risiti ilitoka ikiwa imeandikwa kwamba namba ya siri imethibitishwa.

Wenye mifumo walijibu kwamba jambo hilo ni gumu mno kufanyika nje ya maabara, kwani lilihitaji waya, kompyuta na mkoba wa kuvificha. Mwaka uliofuata, umoja wa CB uligundua kwamba kadi kadhaa zilizoibwa Ufaransa zilikuwa zikitumika Ubelgiji kwa namba ya siri, ingawa wenyewe hawakuwa wameitoa kwa mtu. Uchunguzi wa polisi uliwafikia wahalifu waliokuwa wakinunua sigara na tiketi za bahati nasibu ili kuziuza tena kwa magendo. Walikuwa wamebandika chipu ya pili, nyembamba, juu ya chipu halisi ya kila kadi. Maabara nzima ya Cambridge ilikuwa imefinywa hadi kuingia katika unene wa kadi.

David Naccache na wenzake wa chuo cha École normale supérieure mjini Paris, waliozichunguza kadi hizo kwa miale ya eksirei na kutangaza matokeo mwaka 2015, walieleza kwamba kadi 40 za namna hiyo zilitumika katika malipo yapatayo 7,000, na kusababisha hasara isiyofikia euro 600,000. Kwa benki hicho ni kiasi kidogo, na pengo lenyewe lilizibwa. Lakini mtu aone hali ya mmoja wa wenye kadi hizo kabla ya siri kufichuka. Anaiambia benki kwamba hakulipa. Benki inafungua kumbukumbu zake na kumwonesha: chipu halisi, namba ya siri sahihi. Mtu huyo anasema kweli, na mitambo yote inashuhudia kwamba anasema uongo.

Mahakimu wa Karlsruhe

Ujerumani ililiendea swali hilo kwa njia ya mahakama. Tarehe 5 Oktoba mwaka 2004, Mahakama Kuu ya Shirikisho iliyoko Karlsruhe iliamua kwamba kadi iliyoibwa ikitumika muda mfupi baadaye kwa namba sahihi, basi inachukuliwa kwa mwonekano wa kwanza kwamba mwenye kadi aliiandika namba hiyo kwenye kadi au aliihifadhi pamoja nayo. Hiyo ni dhana tu ya kisheria na yaweza kupingwa. Lakini mteja wa kawaida angeipinga vipi? Hana ufunguo wa chipu, hana kumbukumbu za benki, na hana wataalamu. Kila kilichohitajika kwa utetezi wake kilikuwa mikononi mwa aliyekuwa akimdai.

Mwezi Novemba mwaka 2011 mahakama hiyohiyo ilipunguza ukali wa dhana yake: itatumika tu pale benki inapothibitisha kwamba ni kadi halisi iliyotumika, na si nakala. Tofauti yaonekana ndogo kwenye karatasi, ila iliugeuza mzigo wa ushahidi kuelekea upande wenye mitambo.

Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2015 kuhusu huduma za malipo liliendelea mbele zaidi. Linasema kwamba kumbukumbu ya kutumika kwa kadi, peke yake, si lazima itoshe kuthibitisha kwamba mwenye kadi aliridhia malipo au alifanya uzembe mkubwa. Katika hali nyingi hasara ya mteja haizidi euro 50, na baada ya kutoa taarifa ya wizi hawajibiki tena, isipokuwa kama yeye ndiye mlaghai. Uzembe mkubwa unamwondolea kinga hiyo, na hapo ndipo mabishano yote ya leo yanapolala, kwa sababu hakuna mstari uliochorwa kuonesha uzembe wa kawaida unapoishia na ule mkubwa unapoanzia.

Wajerumani walikuwa na sababu yao nyingine ya kuitazama chipu kwa jicho la mashaka. Tarehe 1 Januari mwaka 2010, kadi zipatazo milioni 30 za benki za Ujerumani ziliamka zikiwa hazijui kuusoma mwaka mpya. Kosa dogo katika programu ya chipu, zilizotengenezwa na kampuni ya Gemalto yenye asili ya Ufaransa, liliwaacha watu mbele ya mashine zilizokataa kadi zao katika siku za mapumziko. Mwezi Mei mwaka 2022, aina moja ya mashine za malipo iliyoenea sana ilizimika kote nchini kwa hitilafu ya programu, na maduka yakabandika matangazo ya kuomba fedha taslimu. Mtu anayewacheka Wajerumani kwa kupenda noti anapaswa kuzikumbuka siku hizo. Kwa mujibu wa uchunguzi wa Bundesbank, mwaka 2023 bado asilimia 51 ya malipo ya kila siku nchini humo yalifanywa kwa fedha taslimu. Mwaka 2017 yalikuwa asilimia 74.

Kugusa bila namba

Kilichoangusha takwimu hiyo kwa kiasi kikubwa ni janga la corona, lililowafanya watu waogope kugusa vitufe vya mashine. Kiwango cha juu cha kulipa kwa kusogeza kadi bila namba ya siri kilipandishwa mwaka 2020 hadi euro 50, kutoka 25 kwa kadi ya kitaifa ya Ujerumani na kutoka 30 nchini Ufaransa.

Wengi huona mantiki ya jambo hili imepinduka: vipi kuondoa namba ya siri kuwe salama? Jibu ni kwamba chipu inafanya hesabu ileile, ila kwa mawimbi ya redio yanayofika sentimita chache tu. Kilichoondolewa ni uthibitisho wa mtu, si uthibitisho wa kadi. Ili mwizi aliyeokota kadi asiitumie bila kikomo, kanuni za Ulaya huitaka benki idai namba baada ya malipo matano mfululizo au baada ya jumla ya euro 150. Simu ya mkononi iliyosajiliwa kwa malipo huenda mbali zaidi: duka halioni hata namba halisi ya kadi, bali namba mbadala isiyo na faida nje ya simu hiyo.

Nchini Ufaransa, mwaka 2022 ulaghai wa kadi kwa jumla ulikuwa asilimia 0.053 ya thamani ya malipo, yaani takriban senti 5 katika kila euro 100, na sehemu kubwa ilitokea kwenye intaneti, mbali na kaunta yoyote ya duka.

Mwizi anayepiga simu

Mlango wa duka ulipofungwa, walaghai walimgeukia mtu mwenyewe. Tangu mwaka 2019 kanuni za Ulaya zinadai uthibitisho wa aina mbili kwa malipo ya mtandaoni, kwa mfano simu iliyosajiliwa pamoja na alama ya kidole. Hesabu zake hazivunjiki kwa urahisi. Kwa hiyo mlaghai humpigia mteja, na kwenye kioo cha simu hujitokeza namba halisi ya benki, iliyoigizwa. Sauti ya upole inamwambia kwamba akaunti yake inashambuliwa na kwamba abonyeze kitufe ili kuyazuia malipo. Kwa kubonyeza, anayaidhinisha.

Benki nyingi zilirudi kwenye hoja ya zamani: uthibitisho umefanyika, basi mteja ameridhia au amezembea. Tarehe 23 Oktoba mwaka 2024, Mahakama ya Kasesheni ya Ufaransa iliikataa hoja hiyo katika kesi ya mteja aliyepigiwa simu kutoka namba iliyoigizwa ya mshauri wake wa benki. Mahakama ilisema kwamba simu hupunguza tahadhari ya mtu kuliko barua pepe inayoweza kusomwa tena kwa utulivu, na kwamba katika mazingira hayo uzembe mkubwa haukuthibitishwa. Benki ikatakiwa kurejesha fedha. Mapema mwezi huohuo, kampuni za simu za Ufaransa zilikuwa zimewajibishwa kisheria kuzuia namba za kuigiza. Tume ya Ulaya, kwa upande wake, ilikwisha kupendekeza mwezi Juni mwaka 2023 kwamba waathirika wa wizi wa namna hiyo warejeshewe fedha na benki zao.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kisa hiki hakina ugeni wowote. Laini ya simu ni ndugu wa damu wa kadi ya chipu; ya kwanza kabisa ilitengenezwa Munich mwaka 1991 na kampuni ya Giesecke & Devrient. M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, orodha ya huduma zake ilikaa ndani ya laini hiyo, na namba ya siri ya mteja ilifungwa kwa ufunguo uliomo humo. Usalama wa mwuza mboga anayepokea malipo kwa simu umejengwa juu ya wazo lilelile la siri isiyotoka ndani ya chipu. Na simu za matapeli wanaojifanya watoa huduma kwa wateja hulia Nairobi na Dar es Salaam kama zinavyolia Paris. Kinachoweza kutofautiana ni kile kinachotokea asubuhi inayofuata, mteja anapokwenda kulalamika.

Njia ni ya nani

Kuna hofu nyingine inayozidi kusikika Ulaya, nayo haihusu wezi. Kati ya nchi 20 zilizokuwa zikitumia sarafu ya euro mwaka 2025, 13 hazikuwa na mfumo wa kitaifa wa kadi na zilitegemea kampuni za kimataifa, kwa mujibu wa Benki Kuu ya Ulaya. Kampuni hizo, Visa na Mastercard, zote ni za Marekani. Mwezi Machi mwaka 2022 zilisitisha shughuli zao Urusi, na kadi zilizotolewa na benki za Urusi zikaacha kufanya kazi ng'ambo. Ndani ya nchi ziliendelea, kwa sababu tangu mwaka 2014 Urusi ilikuwa imejenga mtambo wake wa kupitishia malipo. Wanasiasa wa Ulaya, wakiwa upande wa vikwazo, walijikuta wakiuliza nini kingetokea kwao katika hali kama hiyo.

Ufaransa ina CB na Ujerumani ina girocard, lakini kila mfumo huishia mpakani. Kadi ya Mfaransa anayeshuka tramu Kehl hufanya kazi kwa sababu ina alama mbili: ile ya nyumbani na ile ya kampuni ya Marekani. Mpango wa benki za Ulaya wa kuunda kadi yao ya pamoja ulifutwa mwaka 2022 baada ya benki kadhaa kujitoa. Kilichobaki ni Wero, huduma ya malipo kwa simu iliyozinduliwa mwezi Julai mwaka 2024 Ujerumani, kisha Ubelgiji na Ufaransa, ambayo ilianza kwa kutuma fedha kati ya mtu na mtu.

Wero haitumii kadi kabisa. Fedha hutoka akaunti moja na kuingia nyingine ndani ya sekunde chache. Ni sifa nzuri kwa mfanyabiashara anayelalamikia makato ya kadi. Kwa mnunuzi, hata hivyo, kasi hiyo ina maana ya kwamba fedha zilizokwenda kwa tapeli zimekwisha kufika. Kanuni za kadi, zilizokusanywa kidogo kidogo baada ya tiketi za metro, sigara za Ubelgiji na hukumu za Karlsruhe, zina taratibu za kudai fedha zirudi pale bidhaa isipofika au duka lilipofilisika. Taratibu za namna hiyo kwa malipo ya papo kwa papo zitapaswa kujadiliwa upya, na benki zilezile zitakuwa zimekaa upande wa pili wa meza.